Irabu Moja ya Gécamines

Mzee mmoja wa Panda, hapa Likasi, ana gamela ya alumini ambayo haijabeba bukari, yaani ugali, tangu alipoacha kazi. Siku hizi inakaa juu ya kabati, na ndani yake mna misumari, balbu iliyoungua na ufunguo wa kufuli ambalo hakuna anayekumbuka liliko. Kwenye kifuniko alichora kwa ncha ya msumari herufi tatu, GCM, na chini yake namba yake ya kazi. Juzi mjukuu wake aliye sekondari aliishika, akauliza: “Papa, Gécamines ni Kifaransa?” Mzee akajibu: “Gécamines njo Gécamines.” Mtoto hakuridhika. Akanigeukia mimi: “Mwalimu, ile jina inatokaka wapi?”

Nikamwahidi jibu fupi. Safu hii ni ushahidi kwamba nilimdanganya.

Maneno ya aina hii yana jina lake la kuchekesha. Mwaka 1871 Mwingereza Lewis Carroll, katika hadithi yake ya pili ya Alice, alimweka Humpty Dumpty, lile yai linalosema, amweleze msichana kwamba yapo maneno yaliyo kama portmanteau, yaani sanduku la safari linalofunguka pande mbili: maana mbili zimefungashwa ndani ya neno moja. Tangu hapo Kiingereza huliita neno la mseto portmanteau. Nalo lina asili ya Kilatini pande zote mbili, portare ni kubeba na mantellum ni joho, ila lilipitia Ufaransa kabla ya kuvuka bahari. Wafaransa wenyewe sasa hawawezi kulitumia kwa kazi hiyo, kwa sababu kwao portemanteau ni kile kitundikio cha makoti karibu na mlango. Wao husema mot-valise. Nasi huku Katanga tuna valizi, kila aliyepanda treni ya kwenda Kamina anaijua, kwa hiyo nitasema neno-valizi, mambo yaende.

Kiswahili nacho si mgeni wa mchezo huo. Watanzania wanaishi ndani ya valizi: Tan ya Tanganyika, Zan ya Zanzibar, na ule mkia wa -ia ambao Kilatini, kwa kufuata Kigiriki, kilizoea kuubandika kwenye majina ya nchi. Jina hilo lilianza kutumika Oktoba 1964. Lakini kwa ufundi, mimi bingwa wangu ni ukimwi. Upungufu wa kinga mwilini: u, ki, mwi. Aliyelikata hilo alikuwa na mkono mwepesi, maana neno lilipotoka mezani lilikuwa tayari lina kiambishi chake, likaingia moja kwa moja katika ngeli ya upofu na uziwi, wala halikuhitaji kuelezwa kwa mtu. Sisi Wakongo tunasema sida, ambazo ni herufi za mwanzo za Kifaransa zilizosukumwa pamoja mpaka zikatamkika.

Sasa Gécamines, kampuni yetu ya migodi. Jina kamili ni La Générale des Carrières et des Mines. Kata Gé kutoka neno la kwanza, ca kutoka la pili, chukua la tatu zima, shona. Hata ile s ya mwisho, ambayo hakuna Mkongo wala Mfaransa anayeitamka, imeachwa mahali pake kama uzi ambao fundi alisahau kuukata. Ukitaka kulifuata hadi Roma, vipande viwili vinafika na kimoja kinaishia njiani.

Gé ni générale, kutoka generalis ya Kilatini, na nyuma yake kuna genus: aina, ukoo, watu wa damu moja. Kampuni iliyokuwa ikizalisha watoto hospitalini mwake, ikawasomesha shuleni mwake, ikawapa kazi kwenye tanuru zake kisha ikawazika, ilikuwa na ukoo mwanzoni mwa jina lake bila yeyote kukusudia. Waliolitunga walikuwa na jambo lingine vichwani. Huko Brussels, Société Générale de Belgique, iliyokuwa na hisa katika karibu kila kitu kikubwa cha Kongo ya Wabelgiji, iliitwa kwa kifupi la Générale. Mji wetu wenyewe ulibeba jina la mtu wake hadi 1966: Jadotville, yaani Jadot, mhandisi Jean Jadot, pamoja na ville, ambayo kwa Warumi, villa, ilikuwa nyumba ya shamba tu. Serikali ilipoinyang'anya Générale ya Brussels migodi yake, ikaita kampuni mpya Générale. Jirani akikupokonya shati halafu akalivaa bila kubadilisha kifungo, utajua alikuwa amelipenda siku nyingi.

Ca ni carrière, na hapa pana utamu. Carrière ya kuchimba mawe inatoka quadrus, mraba, ambayo ni ndugu ya quattuor, nne. Kwa neno hilo machimbo ni mahali pa kuchonga mawe yawe na pembe nne. Waingereza walilichukua neno hilo hilo kwa Wafaransa likawa quarry. Lakini Kifaransa kina carrière nyingine, yenye tahajia ile ile na matamshi yale yale, maana yake safari ya mtu katika kazi yake, na hiyo haihusiani na mawe hata kidogo. Ilitoka Italia, kwenye carriera, njia ya magari, na nyuma yake ni carrus, gari la magurudumu, neno ambalo Warumi walilipata kwa Wagalia. Kwa Kiingereza ndiyo career. Kiingereza kimeyatenga maneno hayo mawili vyumba viwili. Kifaransa kimeyalaza kitanda kimoja, na Likasi ndipo mtu anapoona yanavyofanana: mtu alianza carrière yake ndani ya carrière, akaimalizia humo humo, na cheti alichopewa hakionyeshi ni ipi inayosemwa. Siku hizi vijana wanaochimba kwa mikono wanasema kariere kwa lile shimo tu. Ile nyingine hawajawahi kuajiriwa nayo.

Mines ndiyo inayowaaibisha watu wanaopenda kusema kila neno la Kifaransa ni Kilatini. Warumi walichimba sana, lakini mgodi wao waliuita metallum au fodina. Mina haikuwamo katika Kilatini cha Cicero. Inaelekea ilitoka kwa Waselti, wale waliokaa Ufaransa kabla ya Kaisari kufika. Kiwelshi bado kina mwyn na Kiayalandi kina méin, yote yakihusu mawe ya madini. Washindi walichukua ardhi, wakachukua mashimo, wakachukua na jina la mashimo kutoka kwa wale waliokuwa wakichimba. Mtu wa Katanga akisikia hayo hashangai.

Hiyo ndiyo mizizi, na kamusi nzuri ya Kifaransa ingekupa karibu yote. Ambacho haitakupa ni historia ya ile a ya Gécamines.

Union Minière du Haut-Katanga, iliyokuwa na migodi hiyo kabla ya serikali kuichukua, iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Mwanzoni mwa 1967 Rais Mobutu akaitaifisha mali yake, na kampuni iliyozaliwa haikuitwa Gécamines. Iliitwa Gécomin: Générale Congolaise des Minerais. Gé, co, min. Sikiliza ile co. Katikati kabisa ya jina, kama kitovu, wameweka Kongo, na hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kutaifisha: migodi ni ya Wakongo. Miaka haikupita mingi. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikaamka ikiitwa Zaïre, mto ukaitwa Zaïre, fedha ilikuwa imeshaitwa zaïre, na jimbo letu la Katanga likaitwa Shaba. (Shaba ni Kiswahili cha pwani, kilicholipata kwa Waarabu; wazee wa hapa waliokuwa wakiyeyusha madini kabla ya Mzungu kufika walisema mukuba. Kwa hiyo hata jina lililodaiwa kuwa la asili lilikuja na msafara.) Congolaise haikuweza tena kukaa kwenye jina la kampuni kubwa kuliko zote nchini. Ile co ikawa kosa.

Mtu fulani, katika ofisi fulani, alikuwa na kazi ya kuitoa. Njia ya mkato ilikuwa wazi, kuweka za badala ya co, na wengine waliipita. Kampuni ya shaba ya Musoshi, mpakani na Zambia, iliyoanza kama Sodimico ikiwa na Kongo mwishoni, ikawa Sodimiza. Air Congo ikawa Air Zaïre. Baadaye ikaundwa Sozacom ya kuuza madini, za ikiwa tumboni. Lakini kwa kampuni yetu fundi alifanya kitu cha akili ambacho sijaona akisifiwa: alitafuta neno linaloanza na ca. Akaliokota carrières, machimbo. Gécomin ikawa Gécamines. Sikio la mfanyakazi lilisikia irabu moja tu imebadilika, o imekuwa a, na kazini kesho yake king'ora kikalia saa ile ile.

Matokeo yake yalionekana baada ya zaidi ya miaka 25. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa, Zaïre ikafa, na majina yote yenye za yakawa maiti. Sodimiza ikarudi kuwa Sodimico. Shaba ikarudi kuwa Katanga. Gécamines? Haikuguswa. Haikuwa na cha kuguswa, kwa kuwa ndani ya ufupisho wake hamna nchi, mna mashimo tu, na mashimo hayabadilishi utawala. Wanasiasa wanaopenda kubadilisha majina wangejifunza hapo, lakini wanasiasa hawasomi safu za lugha, na labda ni heri.

Nikiwa bado kwenye irabu: itazame na ile o ya mwisho katika Regideso, jina lililo kwenye bili ya maji. Régie de distribution d'eau. Eau inatamkwa o, na mimi naisoma ile o kuwa ndiyo hiyo, maji yaliyoandikwa jinsi yanavyosikika. Nayo eau ni aqua ya Warumi iliyotembea karne nyingi ikidondosha konsonanti njiani mpaka ikabaki pumzi moja. Herufi nne za Kilatini zimekauka zikawa duara. Mwenye bomba lake aamue kama huo ni utani. Bujumbura nako kuna Regideso, na ya kwao inauza hadi umeme.

Sasa mtu ataniambia: haya ni maneno ya ofisini, yaliyokatwa kwa mkasi, si lugha. Ni kweli kiasi. Tena kuna mseto mwingine, wa midomo, ambao haukai mezani wala hausainiwi, na mfano wake mzuri kuliko yote ninaoujua umeandikwa kwenye barua zote za jimbo letu. Ni neno Haut.

Kilatini cha “juu” ni altus. Kwa kawaida ya Kifaransa lilipaswa kuwa aut, bila h, kama alter ilivyokuwa autre na alba ilivyokuwa aube. H ilitoka wapi? Kuanzia karne ya 5 Gaul ilitawaliwa na Wafranki, watu wa lugha ya Kijerumani, nao kwa “juu” walikuwa na neno lao lililo ndugu wa hoch ya Kijerumani cha leo na high ya Kiingereza, lenye h ya kifuani. Watu waliokuwa wakisema lugha zote mbili katika nyumba moja waliyasuguanisha maneno hayo mpaka likatoka moja: mwili wa Kirumi, pumzi ya Kifranki. Hakuna aliyeamua. Leo Mfaransa haitamki tena hiyo h, lakini bado anaiheshimu kama mlinzi aliyestaafu anayeendelea kukaa getini. Andika “l'hôpital du Haut-Katanga” uone. H ya hôpital, ambayo ni ya Kilatini, inamruhusu le kupoteza irabu yake na kujibana. H ya Haut inamzuia: ni du, kamwe si de l'. Mwanafunzi wangu akikosea hapo huwa simpigii mstari mwekundu, humwambia kwamba amemkanyaga Mfranki.

Altus yenyewe, kabla ya kuwa “juu”, ilitokana na alere, kulisha, kulea. Kilicho juu ni kilicholishwa kikakua. Jina hilo la Haut-Katanga lilikaa ndani ya Union Minière kwa miaka 60, likatupwa 1967, kisha 2015 Katanga ilipogawanywa majimbo manne likarudi kuwa jina la jimbo, na Likasi ikajikuta ndani yake.

Wafanyakazi, kwa upande wao, hawakungoja ofisi iwape jina. Union Minière waliiita Changa-Changa. Kuna maelezo zaidi ya moja, na lile ninalolisikia hapa Likasi ni la kuchanganya: kampuni iliyochanganya watu. Na kweli ilichanganya. Ilileta Waluba wa Kasai, Wabemba kutoka upande wa Rhodesia, watu wa Rwanda na Burundi, ikawalaza mstari mmoja wa nyumba za matofali ikawapa Kiswahili kama chombo cha kazi. Changa-Changa halina Kilatini hata chembe, na limejengwa kwa njia ya zamani kabisa ya Kibantu, kurudia shina mara mbili. Nikilinganisha na Gécamines kwa macho ya ufundi, naona lile la wafanyakazi ndilo neno zuri zaidi. Linasema kampuni ilifanya nini. Générale des Carrières inasema ilimiliki nini.

Lakini hata neno la mkasi, likikaa midomoni mwa watu, halibaki la mkasi. Sikiliza sarufi. Mtu wa Mombasa au Tanga angesema fulani anafanya kazi katika kampuni fulani, au kwa fulani. Sisi husema: “Papa alitumikaka ku Gécamines.” Kutumika kwetu ndiyo kufanya kazi. Na ile ku ndiyo ninayoitaka: ku mugini, ku mulango, ku Gécamines. Ni ku ya mahali. Katika Kiswahili cha Likasi Gécamines ni pahali mtu anapokwenda na anapotoka, na hata nyumba zilikuwa za Gécamines, na watoto batoto ba Gécamines, kama vile mtu anavyokuwa wa kijiji fulani. Kila mwezi palikuwa na posho. Kwa msomaji wa Dar es Salaam posho ni fedha ya kikao, kwa Mganda ni ugali wenyewe. Huku ilikuwa unga, mafuta, samaki, vinavyopimwa kwa idadi ya watoto walioandikwa kwenye kitabu cha baba. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa na watu zaidi ya 30,000 na ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye, baada ya mgodi wa Kamoto kule Kolwezi kuporomoka mwaka 1990 na mashine kukosa vipuri, hazikufika 50,000, na mishahara ikawa inahesabiwa kwa miezi isiyolipwa.

Kisha, 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari. Volontaire ni voluntas, utashi. Mzee wa Panda ni mmoja wao. Yeye hulitamka departi volonteri kwa neno moja, bila kupumua katikati, kama jina la ugonjwa.

Na ile -ka ya “alitumikaka”. Msomaji wa pwani ataiona kama kosa la uchapaji. Kwetu ni kiambishi chenye kazi: kinaelekeza kwenye mambo ya zamani, au yale mtu aliyokuwa akiyafanya kila siku. Kampuni bado ipo, siku hizi ikiwa na SA mwishoni mwa jina lake, na bado ina watu kwenye kiwanda cha Shituru, hapa Likasi. Lakini kwa wiki mbili nimekuwa nikisikiliza sokoni Kikula na kwenye teksi za kwenda Lubumbashi, na karibu kila Gécamines niliyoikamata ilikuwa na kitenzi chenye -ka mbele yake.

Jumamosi nilirudi Panda na karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika vizuri, vipande vitatu kwa rangi tatu, genus, quadrus, ile mina ya Waselti, na mishale. Mjukuu aliisoma kwa sauti mbele ya babu yake, akijikwaa kwenye Kilatini. Mzee alisikiliza hadi mwisho, gamela iko mapajani, kidole kikipita juu ya zile herufi tatu.

“Ni muzuri,” akasema. “Na posho? Iko wapi mu ile jina?”

Mtoto akaigeuza karatasi kuangalia upande wa pili.